Saa Tatu ya Mama

Harufu ya majani ya nyanya haitoki mikononi hata ukisugua kwa sabuni, na mimi nilikwenda nayo darasani karibu mwaka mzima wa darasa la sita. Tulikaa Kiberege, bustani ya mama ikiwa nyuma ya nyumba, karibu na kisima. Kila asubuhi nilimwagilia kwa ndoo mpaka mikono inaishiwa nguvu, kisha nakimbia shule na kukuta majina yameshaitwa na somo la hesabu linakaribia mwisho. Mwalimu alimwambia mama wazi kwamba kwa mwendo ule nisitegemee kufaulu. Maneno hayo yalimkaa moyoni.

Ndipo mjomba Zakaria, mdogo wake mama aliyekuwa fundi umeme kwenye mashamba ya miwa, akatuletea pampu ndogo ya sola na kisanduku cha kuiwasha. Kisanduku kilifuata mistari michache ya maelekezo aliyoiandika mwenyewe kwenye kompyuta chakavu, ambayo alituachia. Alimwonyesha mama pa kubadilisha saa, akarudi kazini. Niliisukumia ndoo chini ya kitanda kwa furaha.

Kesho yake alfajiri, kwa kuwa msimu wa kuvuna mpunga ulishafika, tulihamia shambani Mchombe kama kila mwaka, kabla hatujaiona pampu ikijiwasha. Kabla ya kuondoka, mama alifungua kompyuta ahakikishe. Alikuwa amemwambia mjomba anataka maji saa tatu asubuhi, na sasa akakuta pameandikwa tisa. "Zakaria naye! Saa tisa, na jua lote lile, si ataniunguzia miche?" Akafuta tisa, akaandika tatu, tukaondoka bila wasiwasi.

Tuliporudi, kitalu chote kilikuwa kimekauka. Mama alichuchumaa, akavuta mche mmoja, ukakatika mkononi. Bibi, ambaye maneno hayakumwishia kamwe, alinigeukia mimi: "Katoe ndoo yako. Ndoo haijawahi kukosea saa." Nililia waziwazi, maana nilijua ndoo ile inanirudisha wapi.

Mama akampigia mjomba. "Shikamoo dada," alisema, na alipoelezwa akacheka mpaka mama akatishia kukata simu. "Dada, ile tisa ndiyo saa tatu yetu. Kisanduku kinaanza kuhesabu saa sita usiku. Tatu uliyoandika wewe ni saa tisa usiku, sola itapata wapi jua?"

"Kwani kinafuata saa ya nani?" mama aliuliza.

Mjomba akaahidi kuja kuifunga programu, asiiguse mtu tena.

"Usiifunge," mama alisema. "Njoo unifundishe."

Alikuja Jumamosi. Mama alikaa mbele ya kompyuta, kanga kiunoni, akigonga herufi kwa kidole kimoja. Alitaka mstari wa kuchukua saa yake na kuijumlishia sita kabla pampu haijaisikia. Alikosea, akafuta, akamgombeza Zakaria kwa makosa yake mwenyewe. Namba yake akaipa jina alilolitaka: saa_ya_mama. Kesho yake, saa tatu asubuhi, tulisimama wote bustanini, hata bibi. Pampu ikakohoa, maji yakaja. Mama akasia mbegu upya, na Jumatatu jina langu lilipoitwa darasani, niliitika.

Siku hizi naandika programu mjini Morogoro, ndiyo kazi yangu, na watu huniambia hakuna haja tena ya kujifunza kwa kuwa simu inaandika yenyewe ukiiomba. Inaandika kweli, nami naitumia. Lakini asiyeweza kusoma hata mstari mmoja anaishi kwa saa aliyowekewa na wengine, na miche ikikauka hajui aanzie wapi kuuliza. Ndiyo maana nataka kila mtu ajifunze, mkulima na mfugaji, hata kama hataajiriwa kwa ujuzi huo.

Likizo iliyopita nilimwambia mama nitamletea kisanduku kipya, kinachojipangia kila kitu chenyewe. Alikuwa anapunguza matawi ya nyanya, na ile harufu ikanijia.

"Kilete," alisema. "Ila unionyeshe kwanza pa kuandika saa yangu."