Taji la Maua ya Nyuma ya Jiko

Taji lile la maua makavu lilitugharimu nyumba ya vyumba vitatu, mti wa parachichi uliokuwa unazaa, na kijana mmoja aliyeitwa Trésor. Waya na uzi sivihesabu. Waya ulikuwa wa kuanikia nguo, uzi niliuchomoa kwenye gunia la mchele. Tangu niwe mtu mzima ninaipiga hesabu hiyo mara mbili mbili, na haijawahi kupungua.

Wiki hii nimeisikia tena harufu yake. Ni kali kidogo, kama dawa ya kifua, na hubaki mkononi ukisugua jani la kile kimaua cha zambarau ambacho ninyi wa Kolwezi mnakijua. Wengine niwaambie tu: kinapenda udongo wenye shaba. Mahali mimea mingine inakonda, chenyewe kinanenepa.

Nilikuwa na miaka tisa. Kila mwisho wa mvua vimaua hivyo viliota nyuma ya jiko letu, na kila mwaka mama aliving'oa kabla havijafunguka, akavichoma pamoja na makala kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Nikiuliza, alijibu, "Ni majani chafu." Basi. Nilimwona mwanamke mgumu, asiyependa kitu kizuri kwake.

Mwaka ule alikwenda Dilolo kumuuguza dada yake, akakawia miezi miwili. Tata, baba yangu, alikuwa karani asiye na kazi. Alishinda barazani akisoma gazeti lile lile. Hakuna aliyeng'oa kitu, na maua yakafunguka yote. Shuleni, katika kazi za mikono, mama mwalimu alikuwa ametufundisha kutengeneza taji la kupamba nyumba, nikaona nimpokee mama kwa hilo. Nilifunga vishada vya mashina matano matano, nikavining'iniza vichwa chini jikoni, juu ya moshi, siku kumi. Vilikauka bila kupoteza rangi. Nikakunja waya kuwa duara, nikavifunga kimoja kimoja, kila kishada kikificha shina la mwenzake. Vilikuwa ishirini na vinne. Nikalitundika taji mlangoni, upande wa barabara, ili mama alione tangu mbali.

Aliyeliona kwanza ni Trésor, mchimbaji aliyekuwa akipita na baiskeli na magunia matupu. Alisimama, akalinusa kama mtu anayenusa samaki sokoni.

"Petite, maua hii mulitosha wapi?"

"Unanipa nini?"

Akacheka. "Biskwiti moja."

"Tatu."

"Mbili. Weye iko mutoto ao mama wa soko?"

"Tatu. Ao pita."

Alinipa tatu. Nikamwonyesha kwa kidole nyuma ya jiko. Nilizila polepole, nikijisifu moyoni kwamba nimemshinda mtu mzima kwa bei.

Jioni alirudi kuongea na tata, wakakubaliana achimbe hapo na wenzake. Mama alipofika wiki iliyofuata, shimo lilikuwa limeshaingia chini ya jiko, na tata alikuwa ameahidiwa gunia moja la mawe ya shaba katika kila matano. Mama aliweka mzigo chini. Hakutazama shimo, alitazama mlango.

"Nani alifanya hii?"

"Ni yako, mama. Ya kukupokea."

Akalishusha, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mafundo yangu. "Ulifunga muzuri," akasema. Halafu akaliweka kwenye mbabula.

Shimo lilifuata mawe ya kijani hadi chini ya vyumba. Mvua za kwanza zilipoanza, ukuta ulipasuka asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai. Sisi tulikimbia, nyumba na mparachichi vikazama shimoni nyuma yetu. Trésor alikuwa chini. Wenzake walichimba siku mbili kabla ya kumtoa. Mama alimlilia kama mwanawe. Mimi sikuthubutu kusogea karibu.

Kwa miaka mingi nilifikiri mama alikuwa akiwaficha wachimbaji maua yale. Nimepata mtoto ndipo nikaelewa kwamba aliokuwa akiwaficha ni sisi: tata, ambaye shida ingemfanya akubali, na mimi, ambaye ningeuza siri yoyote ikipata bei. Angenieleza sababu, angekuwa amenipa bidhaa. Akaona afadhali nimwone mgumu. Habari ya biskwiti hakuniuliza kamwe, wala mimi sikumwambia, hadi tulipomzika.

Nilinunua lupango wangu, kiwanja cha kujengea, mbali na migodi, na kabla ya kulipa niliuliza habari za udongo mara tatu. Mwaka huu vimaua vimeota kando ya bafu. Nilichelewa kuviona, nashinda sokoni. Binti yangu wa miaka minane, aliyefundishwa taji lile lile shuleni, ameshakausha vishada kumi na kimoja, na leo asubuhi ameniomba waya. Nikimweleza, nimemtwika siri. Nikiving'oa kimya, ataniona vile nilivyomwona mama. Ninyi mliolea watoto katika mji huu, nipeni shauri, tena upesi: mtoto anahesabu kama mimi, na anasema vimebaki kumi na vitatu.