Mamba wa Kambi Muru

Juzi nilikuwa Soweto East, Kibera, nimesimama mbele ya meza ya msichana anayeuza bangili za mifupa ya ng'ombe. Kabla sijajua ninachofanya, nikaichukua moja nikailamba. "Ai, mathe!" akashtuka. "Hiyo si ya kukula!" Nilicheka mpaka nikashikilia meza. Ningemwelezaje yule? Kaa basi nikueleze wewe.

Miaka ya tisini tulikaa Kambi Muru, Kibera hiyo hiyo, mimi na nyanya, chumba kimoja cha udongo na mabati. Nyanya alitoka kando ya ziwa. Alipokuwa msichana alifanya kibarua kwa watu waliokuja kuchimba mifupa ya wanyama wa zamani sana, ile iliyogeuka mawe. Kazi yake ilikuwa kuchekecha udongo. Hadithi hiyo niliila kila jioni pamoja na ugali na omena. Akanifundisha kuutambua mfupa wenyewe: ukiugonga unalia kama kikombe, ukiulamba unakushika ulimi. "Mfupa wa juzi unateleza," alikuwa akisema, "lakini wa kale haukubali uende." Kwenye kona ya leso yake kulikuwa na fundo gumu ambalo hakulifungua hata siku moja. Mimi nilijua ni ugoro.

Sasa mvua ikanyesha, mto ukafurika, na ulipopungua ukaacha mifupa tele ukingoni. Sisi watoto tuliiokota tukampelekea jirani yetu, fundi aliyechonga vipuli na vifungo vya mifupa, naye akatulipa kwa mandazi. Siku moja nikapata mfupa mkubwa, mzito, mweusi tititi. Moyo ukaniambia, huu ndio! Kuulamba sikuulamba, maana maji ya mto ule hata mtoto aliyaogopa. Lakini mdomo wangu nao haukuwa na breki. Kesho yake nikasimama darasani nikatangaza kwamba nimepata mnyama wa kale.

Wee! Darasa zima lilicheka. "Ni ng'ombe wa machinjioni huyo!" Wakanibandika jina, Muongo, na kabla ya saa ya chakula hata watoto wa darasa la pili walikuwa wakiniita hivyo. Mwalimu hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. "Ijumaa ulete tuone," akasema. Nililia njia nzima. Jina la Kibera, rafiki yangu, likikushika unazeeka nalo. Kulikuwa na mzee wa mvi tupu pale kwetu ambaye bado aliitwa Kamasi.

Nyanya alinisikiliza mpaka mwisho. "Leta yote uliyookota," akasema. "Kwanza tuichemshe."

Alhamisi nilipotoka shule akabandika sufuria kubwa nje ya mlango, akamwita fundi. Majirani waliposikia harufu wakajileta. "Nyanya, tubebe bakuli?" Fundi akawa anatoa mfupa mmoja mmoja. Huu mbuzi. Huu ng'ombe. Ng'ombe tena. Ule wangu mweusi akaukwaruza kwa kisu, ndani ukawa mweupe pe. "Pole, msichana. Ng'ombe." Nilitamani ardhi inimeze.

Nyanya akainamia sufuria, akakoroga, akakoroga. "Na huu je?"

Kilikuwa kipande kidogo kama kiberiti, taya lenye jino moja. Sikukumbuka kukiokota, lakini nilikuwa nimeokota vingi. Fundi akakigonga kwenye sufuria, kikalia ting! Akakigeuza huku na huku. "Huu mimi siujui," akasema, mtu aliyejua kila mfupa. Nyanya akaufuta, akauanika juu ya bati lenye jua hadi ukakauka, kisha akamwambia fundi aulambe. Ukaning'inia kwenye ulimi wake, naye akabaki anaropoka nao kama bubu, macho yamemtoka. Nilipiga kelele nikaruka hadi kiatu kikatoka.

Ijumaa mwalimu alifungua kitabu chake cha wanyama, akalinganisha, akafungua ukurasa mwingine. "Mamba," akasema. "Wa kabla hata ya watu." Kisha akaulamba yeye kwanza, na darasa zima likapanga foleni nyuma yake. Jina la Muongo lilikufa hapo hapo, nikawa Mamba. Kwa wiki nzima hakuna mama aliyemruhusu mtoto wake kukaribia mto! Mwalimu akaliweka lile taya kwenye kabati la ofisini.

Nilikimbia nyumbani kumwambia nyanya, naye akapiga vigelegele, akazunguka akicheza. Kona ya leso yake ilikuwa inapepea, haina fundo. Niliiona, lakini nilikuwa mtoto, nami nilikuwa Mamba.

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba mawe ya aina ile hutoka kule ziwani, na kwamba mto wetu uliletewa mifupa na machinjio tu. Nilipomuuliza, nyanya alicheka. "Si ulisema kuna mnyama wa kale? Nikaona nisikuache uaibike."

Lile kabati halipo, shule yenyewe imebomolewa, fundi alirudi kwao, na pale mlangoni petu kuna ghorofa. Nyanya naye tulimzika kando ya ziwa lake. Leso yake ninayo. Nimeifua, nimeipiga pasi mara ngapi sijui, na ile kona bado ina mikunjo.