Tairi ya tano ya Tata, na siku tulipopeleka mbuzi wa ntheo

Wakuu, salamu kutoka Ruiru. Haya yamenipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mke wangu Mumbua amesoma kabla sijapost na amekata sentensi mbili tu.

Leo ni habari ya spare tyre. Najua humu kuna mabingwa wa 4x4, wenye winch na snorkel, ambao gari halijawahi kutoka lami. Mtulie kidogo, leo mwalimu ni mama wa ng'ombe.

Tata yangu, yaani dada mdogo wa mama, anafuga ng'ombe kule Kalimoni. Ana Hilux double cab ya zamani, four wheel drive, ambayo inabeba nyasi, ndama na kwaya ya kanisa. Mvua ikinyesha njia ya kwake inageuka uji, na bado maziwa yake yanafika Juja asubuhi. Mimi humwangalia tu na kujivunia.

Mwaka juzi tairi zake ziliisha, akaniomba nimsindikize Thika kununua.

Muuzaji alimwambia nne zinatosha, ya tano aweke yoyote yenye nafuu kati ya zile kuukuu. Mimi nilimuunga mkono muuzaji. Nilikuwa na njaa.

Tata akakataa. Alitaka tano, saizi moja, grip moja. Akasoma zile namba nne pembeni mwa kila tairi, zinazoonyesha wiki na mwaka iliyotengenezwa, na moja akairudisha kwa sababu ilikuwa imezeekea stoo.

"Spare utaihitaji siku uko pahali pabaya," akamwambia. "Sasa mbona nibebe takataka?"

Utamu unaanzia hapa. Tata ni mwenyekiti wa chama, ile merry-go-round ya akina mama ya kuchangiana pesa kwa zamu, na rotation ya tairi, yaani kuzibadilisha nafasi, anaifanya vivyo hivyo. Kila mtu ana zamu, hakuna wa kukaa tu. Ili asichanganyikiwe, aliandika majina ya wanachama kwa rangi nyeupe ubavuni mwa tairi: Wangari, Nyambura, Auma, Nafula.

Ya tano akaandika Mumbua.

Wakati huo Mumbua alikuwa bado mchumba, na nilikuwa nimempeleka kwa Tata mara moja tu. Niliona haya kidogo. Tata akasema mtu akiingia nyumbani apewe zamu mapema, asizoee kuwa mgeni.

Basi kila baada ya miezi kadhaa Hilux inapandishwa jeki pale uani. Spare inaingia nyuma kulia. Zile mbili za nyuma zinaenda mbele, kila moja upande wake. Ya mbele kulia inavuka kuja nyuma kushoto, na ya mbele kushoto inaenda kupumzika chini ya gari. Hivyo zote tano zinaisha pamoja, na hakuna inayokauka na kupasuka ikiwa imening'inia.

Sasa tuje kwa ntheo.

Mumbua ni Mkamba, kwao ni mashariki mwa Thika, ukielekea Ngoliba. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo wakishapokelewa umeoa. Wasipopokelewa, hata mkikaa pamoja mpaka mzeeke, bado hujaoa.

Na aliyekuwa na neno la mwisho ni mjomba wake Musyoka. Mzee huyu alikuwa amesema wazi kwamba anaogopa. Mpwa wake ataenda kwetu, kwa Wakikuyu, awe mtu wa pembeni, wao wakiongea lugha yao na yeye akitabasamu tu. Hofu hiyo niliielewa kabisa. Lakini nilijua akiwarudisha wale mbuzi, yangu imeisha.

Siku yenyewe wazee wetu walitangulia na gari lingine. Tata akashika usukani, mimi kando yake, mbuzi watatu nyuma ya pickup. Kwenye kiti cha nyuma alikaa Nafula, mweka hazina wa chama, Mluhya aliyekuja Thika kufanya kazi kiwandani akazeekea hapo. Yeye alikuja kuhakikisha mambo ya chakula yanaenda sawa.

Tulipoacha lami, jiwe likachana tairi ya mbele kulia. Ubavuni, wakuu. Hapo hakuna kuziba.

Nikainama, nikasoma jina.

"Ni mimi nimepasuka?" Nafula akauliza kutoka dirishani.

"Ni wewe," Tata akasema. "Shuka tukubadilishe."

Mimi jasho lilikuwa linanitoka. Tata hakuwa na presha. Ana kibao chake cha kuweka chini ya jeki isizame, na spare huipima upepo kila anapopima zile zingine. Mumbua akateremshwa, akafungwa, nati sita, tukaondoka. Gari halikuvuta upande wowote. Tuliwakuta wazee bado wanatungoja kwa geti.

Mjomba Musyoka akatoka kukagua mbuzi. Akazunguka gari polepole, akafika kwa tairi ya mbele, akasimama.

"Hii jina ni ya nani?"

Akainama, akalisoma kwa sauti: Mumbua.

"Mmeandika msichana wetu kwa tairi? Ndio mumkanyagishe mawe?"

Msemaji wetu, aliyekuwa amefanya mazoezi ya methali wiki nzima, akaanza kukohoa. Mimi nilitamani kuingia chini ya gari, maana nafasi ya spare ilikuwa wazi.

Tata akashuka. Akamwonyesha ile tairi iliyochanika, imelala kando ya mbuzi.

"Huyu ni Nafula, na Nafula mwenyewe ndiye yule. Tumetoka mbali na yeye. Mzee, kwangu hakuna wa kuwekwa kando, kuna zamu. Leo ilikuwa ya Mumbua, na ni yeye ameleta hawa mbuzi. Bila yeye tungekuwa bado tuko kwa mawe."

Mzee akazunguka tena, akisoma majina yote, moja moja. Alichukua muda wake.

"Na wewe jina lako liko wapi?"

"Mimi ni jeki," Tata akasema.

Mzee alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Halafu akageukia vijana wa kwao.

"Shusheni mbuzi."

Wakuu, nililia. Nafula anasema nilikohoa, lakini nililia.

Nilichojifunza? Spare inunuliwe na wenzake, ifanane na wenzake, na ipewe zamu ya kukanyaga barabara. Na ukibahatika kuwa na mtu kama Tata, mpeleke mbele ya wakwe kabla ya msemaji.

Sasa toka nje, uchungulie chini ya gari lako, halafu urudi utuambie: yako ilikanyaga chini lini mara ya mwisho?