Jicho la Kazi

Watu wa mtaa wetu wa Riruta wakisikia mume wangu Mutie anafanya kazi ya kuangalia Jua, wanacheka. "Kwani Jua hutoroka?" Chekeni tu. Kule kituo cha taifa cha utafiti wa Jua, kila asubuhi alikuwa akichungulia kwenye darubini kwa jicho la kulia na kuchora madoa meusi yaliyo usoni mwa Jua. Aliliita jicho la kazi. Hata vitunguu hakukata, eti lisiwashwe. Mimi nikasema ni uvivu.

Julai hii mawingu yakafunika Nairobi wiki baada ya wiki. Wachoraji wa Jua wana tabia moja mbaya: wingu likiwa jepesi, Jua halionekani kupitia kile kioo cheusi cha darubini cha kukinga macho, basi wanakitoa. Mutie naye akakitoa. Wingu likapasuka.

Hakusikia uchungu wowote. Akarudisha kioo, akachora, akaja nyumbani na furaha tele. "Mama Wavinya! Nimepata doa kubwa, sijawahi kuona kama hilo!" Halafu akanitazama. Akaziba jicho la kushoto.

"Mbona liko usoni mwako?"

Jameni! Nikachukua mkoba, tukatoka mbio.

Daktari huko katikati ya jiji alisema jicho limeungua ndani na halina dawa. Tungoje, huenda likapona, huenda lisipone. Rael, mkubwa wake kazini, akasema bila jicho hilo hakuna kuchora. Jumatatu angempima mwenyewe.

Nilimgombeza, wacha tu. "Wewe ndiye hufundisha wengine wasitoe kioo, halafu unatoa?"

"Nilikuwa na hamu nalo, Mama Wavinya. Siku nyingi sijaliona."

Hamu! Na Jua! Nilitaka kumchapa, nikaishia kumshika mkono.

Nikaomba, nikafunga. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni penye mwanga, akaziba jicho zima, akanikodolea lile la kazi. "Bado." Kesho yake, bado. Chakula kikamshinda, kikanishinda na mimi.

Jumatatu akavaa shati la kazi, akaniita mlangoni. Akaziba jicho zima kwa kiganja. Alinitazama sana, mpaka miguu yangu ikachoka.

"Limepona," akasema. "Naona uso wako wote. Hata unatabasamu."

Machozi yalikuwa yamenifika kidevuni.

"Ni kweli, Baba Wavinya," nikamwambia. "Natabasamu."