Tembo Asiye na Uso

Jua la Nizwa ndiyo kwanza linagusa ukuta wa soko, na Khelef bin Adham amekwisha kuketi kazini. Mkononi ana kipande cha mfupa wa ngamia, kikubwa kama tende moja. Anakipiga tupa, anakipuliza, kisha anafumba macho na kukipapasa.

"Macho yalinidanganya mara ya kwanza," asema.

Riziki yake ni kuchonga vipini vya majambia; kimoja humchukua siku nne. Mfupa huu hauna mnunuzi. Ni wa dada yake, Mabruka, aishiye Ibra.

Mabruka alirithi kete za sataranji za pembe za ndovu, ambazo mjuzi mmoja alizikadiria umri wa miaka mia nane. Wachongaji wa zama hizo hawakuzitia sura ya kiumbe: mfalme ni mfano wa kiti, farasi ni kinundu kilichochomoza mbele. Babu yao alikwenda nazo Tabora. Jamaa wakarudi nazo Oman, wamempoteza mmoja katika kete nne ziitwazo tembo. Tangu hapo mahali pake hukaa kokwa ya tende.

Maradhi ya sukari yamemtwaa Mabruka macho, naye hucheza kwa vidole. Mwaka huu wa 1998 ganzi imeanza kuvila vidole navyo. Ndipo alipomwomba nduguye tembo, wacheze japo mara moja kete zikiwa zimetimia.

Khelef akamchonga mwenye mkonga, masikio, hata mkia. Aliwaona Tabora utotoni. Nani angemfundisha tembo?

Mabruka alimpapasa, akaangua kicheko. "Wallahi, Khelef, huyu umemtoa porini! Mtie kamba umrudishe Tabora."

"Dada, tembo ndivyo alivyo."

"Wako. Wa wazee hana uso. Ana vinundu viwili tu, ndizo pembe zake." Akamtia mkononi mmoja wa wale wa kale. "Fumba macho. Nichongee hiki unachokishika."

Sokoni palikuwa na mtu aliyemnong'oneza habari za pembe ya ndovu iliyofichwa. Khelef akakataa. "Sheria imekataza," asema, "nami niliwaona wakiwa hai."

Sasa vinundu viwili vimetimia. Ijumaa atakwenda Ibra, amchanganye mgeni na wenzake watatu, amwachie dada yake awapange.

"Akimtambua, nitarudi kuchonga, madhali vidole bado vinahisi," asema, akifumba tena macho. "Asipomtambua, nitanyamaza, tucheze."