Vyumba Viwili vya Koku na Nafasi Yangu Kando ya Mama Yake

Jina langu lisitokee, tafadhali, maana hata wanangu wanausoma ukurasa huu. Nina miaka themanini na mbili, mwalimu mstaafu, naishi Hamugembe. Moyo wangu umechoka, daktari hanifichi. Naandika nikipumzika.

Anayeniuguza ni binti yangu, nimwite Koku. Aliachika, akarudi nyumbani, na tangu mama yake afariki yeye ndiye anayeniogesha na kunipikia. Kwa mila yetu Wahaya, nikifa nyumba na kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka, vinakwenda kwa mrithi, kaka yake mkubwa aliyeko Muleba. Sipingi. Nilitaka tu kumjengea Koku vyumba viwili uani, tena kwa kibali cha manispaa, ili nikiondoka asije mtu kumchorea X nyekundu ya kubomoa ukutani.

Nilipompigia simu kaka yake kumweleza, alicheka.

"Tata, Koku atakaa kwangu."

"Wapi? Kwenye banda la kuku?"

"Tata, usinitukane."

"Basi nitajie chumba."

Akasema mtandao unasumbua.

Na kibali chenyewe! Ofisini walisema mchoro hauonyeshi shimo la choo, njoo kesho. Nikarudi na mkongojo wangu juu ya bodaboda: nyumba imesogea mno mpakani, njoo kesho. Nikarudi tena, afisa akauliza, "Mzee, na makaburi yako wapi?" Nikamjibu kwamba tunazika kibanjani, migombani, kama kila mtu. "Sawa, lakini yachorwe. Nyumba isikanyage kaburi." Nimefundisha jiografia maisha yangu yote, leo nashindwa ramani ya uani kwangu!

Mchoraji akapima upya. Ukitoa choo, mpaka na makaburi, pakabaki mahali pamoja tu panapotosha: ile nafasi kando ya mke wangu, niliyoiacha kwa ajili yangu. Ukoo wote unaijua. Nikamwambia, "Chora hapo."

Akaweka kalamu chini. "Na wewe, mzee wangu?"

"Chora."

Kibali kimetoka. Koku alifurahi hadi akacheza na ufagio mkononi. Hajui. Anadhani nyumba itakaa upande wa jikoni, kama tulivyopanga mwanzo. Fundi anakuja Jumatatu kuchimba msingi.

Mimi makaburi ya kanisa yananitosha. Mungu hatanitafuta kwa mchoro. Lakini Koku namjua. Nikimwambia atakataa: "Tata, mimi nilale mahali pako?" Nisipomwambia, siku ya msiba wanaume wa ukoo watafika na majembe, watakuta ukuta, na watasema alimfukuza baba yake kaburini. Nani ataamini kwamba nilichagua mwenyewe? Sitakuwepo kumtetea.

Nimeshindana na ofisi nikashinda, sasa nimekwama kwa binti yangu mwenyewe. Nishaurini, wasomaji: nianze na Koku au niuite ukoo, na nitamke nini? Nijibuni mapema. Mimi si mtu wa kuambiwa njoo kesho.