Tope Jeusi la Nyamwage

Maji hayaharakishwi. Bushiri Mpili aliijua kweli hiyo miaka mingi kabla hajaajiriwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe, kule vilimani nyuma ya Nyamwage, na huenda ndiyo iliyompatia kazi. Wenzake walikabidhiwa mitambo. Yeye alikabidhiwa mvua. Iliponyesha juu ya shimo iliteremka nyeusi, imebeba vumbi la makaa na udongo uliofukuliwa, na pasipo mtu wa kuizuia ingefika bondeni Chumbi, kwenye mpunga wa watu. Bushiri alichimba mitaro ya kuyageuza maji, akapanga mawe ndani yake ili yapunguze mbio, akapanda nyasi miteremkoni. Chini kabisa alitunza bwawa ambamo maji yalilala mpaka tope likazama.

Siku nyingine alikaa ukingoni tangu asubuhi hadi adhuhuri, akiyatazama yakibadilika. Kwanza yalikuwa wino. Halafu chai ya rangi. Mwisho mbingu yenyewe ilishuka ikalala mle ndani, na mawingu yakapita chini ya miguu yake bila sauti, hata asijue kama ni yeye anayekwenda au ni hayo mawingu. Hapo ndipo alipofungua lango dogo, maji yakaenda zake.

Wapo walioiona kazi hiyo kuwa usingizi wa kulipwa. Hao hawakumjua baba yake. Marehemu mzee Mpili aliitwa na kila aliyetaka kufungua shamba bondeni. Mafuriko yakishapungua, alichota tope la mto likingali bichi, akaliweka ulimini, akafumba macho. Akisema, "Limekubali," watu walipanda. Ukoo wa Mpili haukuwa na mali ya kutajwa, lakini ulikuwa na ulimi huo, na mtu wa ukoo huo akipita, wakubwa walimwanza kwa salamu.

Basi kiangazi, bwawa lilipotolewa tope, Bushiri alisimama mbele ya lundo jeusi, laini, linalometameta, moyo ukamlegea. Injinia Hafsa, msimamizi wake, alikuwa amekwisha kumwambia tope lile lizikwe na kufunikwa kwa udongo wa mfinyanzi, lisitoke nje ya uzio. Kuzika tope jeusi! Kwa mtu aliyezaliwa kando ya Rufiji, hiyo ni sawa na kuzika chakula. Akaonja kidogo, kama baba alivyofanya. Halikuwa na ubaya wowote. Akapakia trela zima la pawatila, kile kitrekta cha mkono, akampelekea dada yake Zena, Chumbi. Nusu Zena aliitandaza shambani, akapanda mpunga kwa manyunyu ya kwanza; nusu ikabaki uani ili majirani wagawane mvua kubwa zikikaribia.

Siku ya kugawana iliwekwa Jumamosi. Ijumaa, baada ya swala, Zena alimshika nduguye mkono, akamwongoza mpaka shambani.

Mpunga ulikuwa umeota manjano, ncha zimeungua. Ng'ambo ya tuta, kwa jirani, ulikuwa kijani kibichi. Bushiri aliinama akachota tope lililokwisha kukaa juani wiki nyingi. Lilimkata ulimi kama maji ya betri. Tope la mto huonyesha tabia yake siku ile ile ya kwanza. Hili la machimbo, likipigwa na hewa, huchacha. Hafsa alilisema hilo pia. Bushiri alilisikia kwa sikio moja.

"Sema mvua ilichelewa," Zena alinong'ona. "Nani atajua, mdogo wangu?"

"Na wao wakilitandaza kwao?"

"Waambie watu wa machimbo wamelidai, hawapati. Lakini usiseme ulimi wa Mpili umekosea. Utamzika baba mara ya pili."

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa umelala bondeni, na watu wakatokeza ndani yake mmoja mmoja, na viroba na makapu, kama watu wa kwenye ndoto. Mbele yao alitangulia Twalha, mzee wa Kimatumbi, mtani wa ukoo.

"Mpili! Tumekuja kula urithi wako. Mimi nipe la chini, lile nono!"

Neno la kujiokoa lilikuwa tayari mdomoni mwa Bushiri. Aliyatazama makapu matupu, akaliona bonde lote mbele yake limegeuka manjano, tuta kwa tuta, hadi mtoni.

"Hachukui mtu," alisema. "Nimekosea. Nililionja likiwa bichi nikaliamini, nanyi mkaniamini mimi. Tazameni mpunga wa Zena."

Twalha akaokota bonge, akaligusisha ulimi, akatema mate mbali.

"Loo! Wamatumbi tuna njaa, lakini si ya namna hii! Huo ulimi wako, mwenzangu, umetoka kwa wajomba zako, si kwa mzee Mpili!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, hata Zena, aliyejificha uso kwa kanga. Twalha alivua kanzu, akaitundika uani.

"Haya, lete hilo jembe. Tulikwangue shambani kabla mvua haijalikoroga."

Makapu yaliyokuja kubeba neema yakabeba tope lile kutoka shambani na uani hadi kwenye trela. Adhuhuri ardhi ya Zena ilibaki tupu, imekwanguliwa, lakini mbegu nyingine bado angeweza kuipata.

"Mwakani uje unionjee langu," Twalha alimwambia Bushiri alipokuwa akipanda trela. "Ila uonje mara mbili, na unawe!"

Pawatila ikaondoka kuelekea Nyamwage. Bushiri alikaa juu ya mzigo, akitafuta maneno ya kumwanzia Hafsa. Manyunyu yalipoanza alilitandaza turubai, akalala juu yake kifudifudi, mikono ameinyoosha, asiruhusu hata tone moja jeusi lidondoke njiani.